Kumvi si pumba: kisa cha unga wa nyuzi za oats, choo kigumu na kolesteroli iliyogoma kushuka

Mhusika ni mwalimu wa shule ya msingi Dodoma, mwanamke wa miaka 49, kilo 81. Tezi yake ya thairoidi, ile ya shingoni, haitoi homoni ya kutosha, na kwa miaka mitano amekuwa akimeza levothairoksini mikrogramu 75 kila asubuhi. Kipimo cha damu kilionyesha LDL, yaani kolesteroli mbaya, ya 4.3 mmol/L. Daktari alimpa miezi mitatu ya kurekebisha chakula kabla ya kufikiria vidonge, na kati ya maneno aliyoondoka nayo mojawapo lilikuwa "nyuzi za oats". Akaagiza mtandaoni, kwa muuzaji wa vyakula vya watu wanaokata wanga, unga mweupe ulioandikwa hivyohivyo kwenye mfuko.

Wiki nane baadaye LDL ilikuwa 4.5. TSH, kipimo cha tezi, ilikuwa imepanda kutoka 2.4 hadi 7.1. Choo, ambacho zamani alikipata karibu kila siku bila shida, sasa kilikuja mara moja kwa siku nne, vipande vikavu kama kokwa za zambarau, na tumbo lilijaa kutwa nzima.

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na makosa yanayojirudia kwa watu wengi, na vipimo vya mwalimu vimewekwa ili hesabu iweze kufuatwa. Yanayosemwa kuhusu oats zenyewe, na kuhusu utumbo, si ya kubuni.

Kuhusu jina: dukani kila mtu anasema oats, nasi tutasema hivyo. Shayiri kwa haki yake ni nafaka nyingine, ile inayotumika kutengeneza bia, ingawa kamusi na wafasiri huzichanganya. Nyuzinyuzi ndizo zile ambazo vitabu vya lishe vya Tanzania vimezoea kuziita makapi-mlo.

Alichofanya, siku kwa siku

Saa kumi na mbili asubuhi alimeza kidonge cha tezi, na papo hapo akashushia glasi moja ya maji aliyokorogea vijiko viwili vya mezani vya unga ule. Jioni alichanganya vijiko vingine viwili kwenye mtindi. Kijiko cha mezani cha unga wa aina hii ni kama gramu 5, hivyo kwa siku ni gramu 20. Mfuko umeandikwa nyuzinyuzi asilimia 90: gramu 18 ziliongezeka ghafla, bila kupanda ngazi. Wiki ya pili choo kilipoanza kusuasua alidhani dozi haitoshi, akaongeza vijiko viwili vya mchana. Sasa ni gramu 30 za unga, 27 za nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku kutoka kwenye vyakula. Kwenye karatasi mwalimu alikuwa ameshavuka lengo kwa unga peke yake.

Ukitazama alichoacha, ndipo kisa kinapoanza kufunguka. Kwa kuwa alikuwa pia anapunguza wanga, aliondoa maharage ya usiku, viazi vitamu vya asubuhi, papai na sehemu kubwa ya ugali. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina nyuzinyuzi zinazokaribia gramu 13 hadi 15, tena za aina ambayo bakteria wa utumbo wanaweza kuila. Papai lina maji mengi. Ugali na viazi ni ujazo unaolisukuma tumbo lifanye kazi. Maji ya kunywa, chai ikiwemo, hayakufika lita moja na robo kwa siku, kwa sababu mwalimu anayeingia vipindi mfululizo huepuka kunywa ili asitoke darasani.

Kwa hiyo nyuzinyuzi zilizoongezeka zilikuwa za aina moja tu, na zilizoondoka zilikuwa za aina nyingine kabisa.

Punje moja, bidhaa tatu

Punje ya oats inapotoka shambani imevaa ganda gumu la nje, lile ambalo kwenye mpunga tunaliita kumvi. Ganda hilo ni karibu robo ya uzito wa punje, wakati mwingine zaidi. Kiwandani linaondolewa kwanza, na punje iliyobaki hupashwa moto kwa mvuke. Mafuta ya oats ni mengi kuliko ya nafaka nyingine nyingi, na bila moto huo kimeng'enya kilichomo kingeyavunja na kuyafanya yachachuke na kuwa machungu. Baada ya hapo punje hukatwa, au hubanwa kwenye rola ikawa bapa. Hizo bapa ndizo oats za kawaida za kupikia uji.

Bidhaa ya pili ni pumba. Ukisaga punje iliyokwisha kuvuliwa kumvi, kisha ukachekecha, sehemu ya nje ya punje yenyewe hubaki juu ya chekeche. Kwa mujibu wa wakemia wa nafaka wa Marekani, ili iitwe pumba za oats lazima iwe na beta-glukani, yaani zile nyuzi za oats zinazotoa ute, isiyopungua asilimia 5.5 ya uzito mkavu, na nyuzinyuzi zote zisipungue asilimia 16. Oats za kubanwa zina beta-glukani ya asilimia 4 hivi.

Ya tatu ndiyo aliyonunua mwalimu. Kumvi zilezile zilizoondolewa mwanzoni hupikwa kwa dawa au mvuke wa shinikizo, husafishwa hadi ziwe nyeupe, kisha husagwa laini sana. Zina selulosi, hemiselulosi na lignini, yaani nyuzi ngumu za ganda. Beta-glukani haimo, au imo kwa chembe zisizohesabika, kwa sababu beta-glukani hukaa kwenye kuta za seli ndani ya punje, si kwenye ganda. Wanaokata wanga wanaupenda unga huu kwa sababu unajaza kinyunya bila kuleta sukari mwilini, na kwa kazi hiyo unafaa. Viwanda vya oats vimetafutia kumvi matumizi kwa zaidi ya miaka mia moja. Miaka ya 1920 kampuni ya Quaker Oats ilianza kuzigeuza kuwa furfurali, kemikali ya viwandani, huko Cedar Rapids, Marekani.

Bidhaa zote tatu zinaweza kubeba maneno "nyuzi za oats" bila mtu kudanganya. Ndiyo maana tunashauri kutoamini upande wa mbele wa mfuko. Geuza nyuma usome mambo mawili. Kwanza, kiasi cha nyuzinyuzi kwa gramu 100: oats za kubanwa huwa karibu 10, pumba 16 au zaidi, unga wa kumvi 85 hadi 95. Ukikuta namba inayozidi 80 na wanga unaomeng'enywa mwilini unakaribia sifuri, hizo ni kumvi. Pili, tafuta neno beta-glukani na namba yake.

Kama lebo haisomeki, tumia kikombe. Weka kijiko kimoja cha unga kwenye robo lita ya maji, chemsha dakika tano huku ukikoroga, acha dakika kumi. Pumba na oats hugeuka ute. Ukiinua kijiko huvutika kidogo, kama mlenda ulioshika. Kumvi zitatuama chini kama vumbi la chaki, na maji ya juu yatabaki mepesi. Mwenyeji wa Dodoma hahitaji kufundishwa ute ni nini. Kemia ya ute wa mlenda si sawa na ya oats, lakini kwa jicho na kwa kijiko tabia ni ileile.

Ute unafanya nini tumboni

Beta-glukani ni mnyororo mrefu wa glukosi, kama wanga ulivyo. Tofauti iko kwenye fundo. Glukosi za wanga zimefungwa kwa fundo ambalo vimeng'enya vya mate na kongosho vinalifungua. Za beta-glukani zimefungwa kwa fundo jingine ambalo binadamu hana kimeng'enya chake. Selulosi nayo ina fundo la namna hiyo, lakini minyororo yake imenyooka na kulaliana kama kuni zilizofungwa tita, maji hayapenyi. Kwenye beta-glukani kila baada ya glukosi tatu au nne fundo hubadilika na mnyororo unapinda, hivyo tita halifungiki. Maji yanaingia, minyororo inatawanyika na kunasana, na hapo ndipo ute unapotoka. Nguvu yote tunayoisifia oats kuhusu kolesteroli inatokana na kupinda huko.

Tumboni ute hupunguza kasi ya chakula kuteremka. Mtu hushiba mapema na sukari hupanda damuni taratibu zaidi. Katika utumbo mwembamba jambo kubwa ni nyongo. Ini hutengeneza asidi za nyongo kutokana na kolesteroli, huzimwaga kwenye utumbo ziyeyushe mafuta, kisha mwisho wa utumbo mwembamba karibu asilimia 95 ya asidi hizo hufyonzwa na kurudi kwenye ini kutumika tena. Ute mzito unaziba njia ya kurudi: sehemu ya asidi za nyongo hunaswa na kupitiliza hadi utumbo mpana. Ini likiona akiba imepungua, linachota kolesteroli kutoka damuni litengeneze nyingine, na LDL inashuka.

Hili limepimwa kwa njia ya wazi sana. Mwaka 1995 watafiti wa Sweden walitumia watu waliokwisha kuondolewa utumbo mpana, ambao mabaki ya utumbo mwembamba hutokea kwenye tundu la tumbo na yanaweza kukusanywa. Walipokula pumba za oats, asidi za nyongo zilizotoka ziliongezeka. Pumba zilezile zilipotiwa kimeng'enya kinachokata beta-glukani, ongezeko lilipungua. Chakula kilekile, nyuzi zilezile kwa uzito, ila minyororo imekatwa na ute umekufa.

Urefu wa mnyororo ulipimwa tena katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010 likiwa na watu 367. Gramu 3 kwa siku za beta-glukani yenye minyororo mirefu zilishusha LDL kwa asilimia 5 hivi. Minyororo ilipokatwa hadi uzito wa molekuli wa 210,000, nguvu ilipungua kwa nusu. Ndiyo sababu namna ya kupika si jambo la ladha tu, na tutalirudia.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipoidhinisha mwaka 1997 kauli kwamba oats husaidia kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, ilitaja gramu 3 za beta-glukani kwa siku kutoka oats nzima, unga wake au pumba zake. Kumvi hazimo kwenye orodha hiyo. Mwalimu alikula gramu 27 za nyuzinyuzi za oats kila siku, na katika zile 3 zilizohitajika hakupata hata moja.

Kwa nini choo kilikauka

Watu wengi wanaamini nyuzinyuzi zozote hulainisha choo. Ukweli ni kwamba kuna njia tatu tofauti, na kila aina ya nyuzi ina njia yake.

Njia ya kwanza ni kushika maji hadi mwisho. Ili hilo litokee nyuzi lazima zitengeneze ute, na ute huo usiliwe na bakteria. Ispaghula, ambayo maduka ya Wahindi huuza kwa jina la isabgol, hufanya hivyo vizuri. Beta-glukani haifiki: ikiingia utumbo mpana bakteria huila karibu yote, na ute unaisha. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu oats hupewa sifa ya dawa ya choo kuliko zinavyostahili. Zinasaidia, lakini kiasi.

Njia ya pili ni bakteria wenyewe. Wanapokula nyuzi huongezeka, na miili yao yenye maji ni sehemu kubwa ya choo laini. Wakati huo hutoa asidi ndogo ziitwazo asetati, propionati na butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Hutoa pia gesi. Hapa oats na maharage hufanya kazi nzuri. Kumvi zilizosafishwa haziliwi kirahisi, kwa hiyo hazileti bakteria wengi.

Njia ya tatu ni kukwaruza. Chembe kubwa kubwa za pumba ngumu, mfano pumba za ngano zisizosagwa sana, hugusa ukuta wa utumbo, nao hujibu kwa kutoa maji na kamasi. Majaribio ya pumba za ngano yameonyesha kuwa zikisagwa laini kichocheo hicho hupotea, na choo kinaweza hata kuwa kigumu zaidi, maana kilichoongezwa ni kitu kikavu bila maji ya kukifuata.

Unga wa mwalimu ulisagwa laini kama poda. Hautengenezi ute, hauliwi na bakteria, hauna chembe za kukwaruza. Unachoongeza ni wingi. Kwa mtu anayekunywa vizuri na kula mboga, matunda na maharage, wingi huo hupita bila matata na hata husaidia. Kwa anayekunywa lita moja na robo, aliyeacha maharage na papai, utumbo mpana uliendelea na kazi yake ya kufyonza maji, na gramu 27 za selulosi zikabaki zimeshikana. Kuongeza vijiko viwili vya mchana kulikuwa kuongeza mchanga kwenye bomba lililoanza kuziba.

Kujaa kwa tumbo nako kulieleweka vibaya. Mwalimu alidhani ni gesi ya nyuzi. Gesi ya bakteria wanaokula nyuzi huja saa kadhaa baada ya kula na hupungua baada ya kutolewa. Yeye alijaa tangu asubuhi, na nafuu ilikuja tu baada ya choo. Hilo ni tumbo lililojaa kinyesi.

Kidonge cha asubuhi

Bila sehemu hii kisa hakikamiliki, na ndiyo inayosahaulika mara nyingi zaidi.

Levothairoksini hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu. Nyuzinyuzi nyingi hushika sehemu ya dawa na kuipitisha bila kufyonzwa. Mwalimu alishushia kidonge kwa gramu 10 za unga wa nyuzi, kila siku, kwa wiki nane. TSH ya 7.1 inasema mwili umeanza kupungukiwa homoni, na upungufu wa homoni hiyo una dalili mbili zinazotuhusu: utumbo hutembea polepole, na ini hupunguza milango inayoingiza LDL kutoka damuni, kwa hiyo LDL hupanda. Choo kigumu na kolesteroli vikapata sababu ya pili iliyojificha nyuma ya ile ya kwanza.

Kosa rahisi hapa lingekuwa kuongeza dozi ya kidonge. Kama unga ungeachwa baadaye na dozi mpya ikabaki, homoni ingezidi, na moyo wa mtu wa miaka 49 haupendi hilo. Kwanza tenganisha dawa na nyuzi, subiri wiki sita hadi nane, pima tena, kisha daktari aamue.

Marekebisho

Siku ya kwanza unga uliachwa wote. Mtu aliyefunga choo hapewi nyuzi zaidi mpaka njia ifunguke. Maji yalipandishwa hadi lita mbili, mengi yake kabla ya kwenda shule na baada ya kutoka. Papai na maharage vilirudi. Kwa ushauri wa mfamasia alitumia laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo, mililita 15 mara mbili kwa siku kwa siku tano. Huanza kufanya kazi baada ya siku moja hadi mbili, hivyo asiyejua huikatia tamaa usiku wa kwanza.

Kisha oats, kwa ngazi:

Wiki ya kwanza, oats za kubanwa gramu 25 kwa siku.
Wiki ya pili, gramu 40, yaani nusu kikombe.
Wiki ya tatu, gramu 40 na pumba gramu 12, sawa na vijiko viwili vya mezani vilivyosawazishwa.
Wiki ya nne na kuendelea, gramu 40 na pumba gramu 25, vijiko vinne.

Hesabu ya ngazi ya mwisho: 40 kwa asilimia 4 ni gramu 1.6, 25 kwa asilimia 6 ni 1.5. Jumla 3.1. Asiyepata pumba atumie oats za kubanwa gramu 75, ambazo ni karibu kikombe kimoja kikavu, na azigawe mara mbili, kwa sababu bakuli la gramu 75 kwa mkupuo mmoja ni zito hata kwa mlaji hodari. Gesi itaongezeka kila unapopanda ngazi na kutulia ndani ya siku chache. Isipotulia, rudi ngazi moja ukae hapo wiki nyingine. Watu huacha oats kwa sababu ya kuruka ngazi kuliko kwa sababu nyingine yoyote.

Kupika ni hivi. Oats na pumba ziingie kwenye maji baridi, nusu lita kwa gramu 65. Koroga, kisha washa moto mdogo; zikitupwa kwenye maji yanayochemka pumba hufanya madonge yenye unga mkavu katikati. Zikishachemka acha dakika nane hadi kumi huku ukikoroga, funika dakika tano. Uji utazidi kuwa mzito kadiri unavyokaa, kwa hiyo ukienda kwenye chupa ya chai ongeza mililita 100 za maji. Maziwa yaingie mwishoni. Usitie kimea: kinalainisha wanga, na kimea cha shayiri kina vimeng'enya vinavyokata beta-glukani vilevile kama wale watafiti wa Sweden walivyofanya kwa makusudi. Kwa sababu hiyohiyo mkate uliochanganywa oats si mbadala mzuri wa uji. Unga wa ngano una vimeng'enya vyake, na kinyunya kikiumuka saa nyingi minyororo hukatwa.

Saa ya kula ilipatikana kirahisi. Kidonge saa kumi na mbili asubuhi kwa maji matupu. Kifungua kinywa chepesi saa moja baadaye: yai, chai, kipande cha kiazi kitamu. Uji wa oats saa nne, wakati wa mapumziko ya shule, kutoka kwenye chupa. Saa nne kamili zimepita tangu kidonge, na ndiyo nafasi inayotakiwa kati ya levothairoksini na nyuzi za ziada, madini ya chuma au kalsiamu. Anayeshindwa kupanga asubuhi anaweza kumeza kidonge usiku, angalau saa tatu baada ya chakula cha mwisho, baada ya kukubaliana na daktari wake.

Mwanamke mwenye upungufu wa damu ana jambo jingine la kuangalia. Oats zina fitati, ambayo hushika madini ya chuma, na ule moto wa kiwandani huua kimeng'enya ambacho kingeivunja, kwa hiyo kuloweka usiku kucha hakusaidii sana. Chungwa pembeni ya bakuli husaidia zaidi.

Nini kitegemewe

Uchambuzi wa mwaka 2014 uliojumlisha majaribio 28 ulipata kuwa gramu 3 au zaidi za beta-glukani kwa siku hushusha LDL kwa wastani wa 0.25 mmol/L. Ni faida ya kweli, na ni ndogo. Kwa mwalimu ina maana ya kutoka 4.3 hadi 4.05 hivi. Kile kilichoongezwa na tezi kitaondoka chenyewe TSH ikirudi mahali pake. Bado LDL itabaki juu, na mazungumzo ya vidonge vya kolesteroli hayatakwepeka kama ana hatari nyingine za moyo. Tunamwonea huruma mgonjwa anayeambiwa kwamba oats zitamwokoa na dawa, akala kwa bidii mwaka mzima, kisha akajilaumu kwa kipimo ambacho hakikuwa kosa lake.

Kwenye choo mabadiliko yanapaswa kuonekana ndani ya wiki mbili: kila siku moja au mbili, umbo la ndizi, bila kusukuma. TSH na kolesteroli vipimwe pamoja wiki ya nane. Kabla ya hapo kipimo cha TSH kinaweza kudanganya.

Asiyefaa kufuata haya

Mtu aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo na kubaki na makovu ya ndani, mwenye kisukari ambaye tumbo lake limekuwa zito kuteremsha chakula, na mwenye shida ya kumeza, wasianze pumba wala unga wowote wa nyuzi bila daktari. Mwaka 1989, wakati pumba za oats zilikuwa fasheni Marekani, jarida la tiba la New England lilichapisha taarifa ya utumbo mwembamba ulioziba kwa donge la pumba hizo. Ni nadra, lakini donge likishaziba kazi ni ya daktari wa upasuaji.

Mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao utumbo hudhurika na protini ya ngano na shayiri, anahitaji oats zilizothibitishwa kuwa hazikuchanganyika na ngano wala shayiri, kwani za kawaida huchanganyika shambani na kiwandani. Na hata zikiwa safi, wachache hudhurika na protini ya oats yenyewe. Mwenye utumbo unaosumbuka kwa maumivu na gesi aanze na gramu 25 na akae hapo.

Choo chenye damu, kupungua uzito bila sababu, kutapika tumbo likiwa limevimba, au kushindwa kutoa hata hewa, si mambo ya kurekebisha kwa uji. Hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Unga uliobaki

Mwalimu amebaki na karibu kilo moja ya kumvi, na hakuna sababu ya kuitupa. Choo kikishatulia kwa mwezi mzima, kijiko kimoja cha mezani kwa kila vikombe viwili vya unga wa ngano kinaweza kuingia kwenye chapati. Ongeza vijiko viwili vya maji kwa kila kijiko cha kumvi, acha kinyunya kipumzike dakika ishirini ili kinywe, la sivyo chapati itapasuka pembeni wakati wa kusukuma. Ziliwe na maharage, jioni, mbali na kidonge.